Ufa wa Chasisi Husema Mzigo Ulikaa Wapi

Pikapu ikipasuka chasisi, mwenyewe huulaumu uzito. Atakutajia hata safari yenyewe: mvua ile, magunia yale, shimo lile la karibu na Elburgon. Mimi ninayeingia chini ya magari haya na tochi mkononi nasema uzito ni sehemu tu ya habari. Sehemu iliyo kubwa zaidi ni mahali mzigo ulipokaa, na jinsi barabara ilivyoutikisa tena na tena ukiwa hapo. Shimo la Elburgon lilimalizia kazi iliyoanza zamani.

Kazi yangu ni kuchomelea na kutengeneza magari upande wa chini, hapa Nakuru, Viwandani. Wateja wangu wengi ni watu wa viazi kutoka Molo, Mau Narok, Kuresoi na Olenguruone. Wengine hubeba maziwa, wengine mbao, na msimu wa kupanda ukifika karibu kila mtu anabeba mbolea. Magari yao ni yale tunayoyajua sote, Hilux na D-Max hasa, yaliyoundwa kubeba takriban tani moja. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Magunia 20 ya namna hiyo ni tani moja kamili, na gari linayachukua bila kulalamika. Lakini gunia la mukurino, lile lililoongezewa kilemba juu, hupita kilo 110. Hayo yakiwa 20, umeshapita tani 2.2. Ukihesabu magunia hutaona tofauti yoyote, ila chasisi imebebeshwa mara mbili.

Hata hivyo nimeona magari yaliyobeba hivyo kwa miaka na chasisi ziko salama, na nimeona mengine yaliyobeba kidogo yakapasuka. Ndiyo maana nasema tuangalie mahali mzigo unapokaa.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya pili, na nguvu unayotumia ni ile ile ndogo ya vidole. Endelea, na utakatika mkononi. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1850, kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zinavunjika bila kubebeshwa kupita kiasi. Alionyesha kwamba chuma kinachokunjwa mara nyingi huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko ile inayohitajika kukivunja kwa mkupuo mmoja. Kila jiwe kwenye barabara ya marramu hukunja chasisi kidogo na kuiachilia. Zidisha hayo kwa kila safari ya Njoro kwenda Mau Narok na kurudi.

Uchovu huo huanzia mahali nguvu inapokusanyika: ukingoni mwa tundu la bolti, kwenye kona ya bamba lililochomelewa, mwisho wa mstari wa welding, kwenye henga inayoshikilia springi ya nyuma, au pale krosmemba, chuma cha kukatiza, inaposhikana kwa ribiti na chaneli, chuma kirefu cha upande wa chasisi. Mwanzoni ufa ni mwembamba kuliko unywele na rangi bado imeufunika. Kutu ndiyo inayoufichua. Maji huingia, pande mbili za ufa husuguana gari likitembea, na unga mwekundu hutoka ukachora mstari juu ya rangi nyeusi. Ukiona mstari wa namna hiyo mahali ambapo hakuna bolti wala kiungo, paoshe, pasugue kwa brashi ya waya, kisha umulike tochi kwa ubavu. Ukimulika moja kwa moja ufa hupotea. Mwanga wa ubavuni huupa kivuli. Pakiwa bado na shaka, paka mafuta ya taa, ngoja yapenye, pangusa mpaka pakauke kabisa, halafu paka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu polepole na kuilowesha chaki kwa mstari ulionyooka. Ni njia ya zamani iliyotumiwa na mafundi wa reli, haigharimu chochote, na naiamini.

Ukishaupata ufa, uliza ulianzia juu au chini. Chaneli ya chasisi ina ubavu uliosimama na kingo mbili, mmoja juu na mwingine chini. Mzigo ukikaa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, chasisi hupinda kuelekea ardhini na ukingo wa chini ndio unaovutwa. Mzigo ukining'inia nje ya ekseli, iwe nyuma au mbele, mambo hugeuka na ukingo wa juu ndio unaovutwa. Ufa wa uchovu hufunguka upande unaovutwa. Kwa hiyo ukingo uliopasuka juu, karibu na springi ya nyuma, unaniambia gari hili limekuwa likibeba vitu vilivyoning'inia mkiani.

Mzee mmoja wa Mau Narok aliniletea Hilux yenye ufa wa namna hiyo. Nikamuuliza, "Mzee, magunia mnayapanga vipi?"

"Kama kila mtu, fundi. Tunajaza bodi, halafu tunalaza mlango wa nyuma kwenye minyororo yake, tunaongeza mengine pale."

Tukakaa tukapiga hesabu, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari lake lina takriban mita 3.1. Mlango ukilazwa, magunia yaliyo juu yake yako kama mita 1.3 nyuma ya ekseli. Tuseme ni kilo 300. Ekseli ya nyuma haibebi 300 hizo. Inabeba kama 426, kwa sababu mkia unafanya kazi ya wenzo, na zile 126 za ziada zimetolewa mbele. Gurudumu la mbele likinyanyuliwa hivyo, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinakosa mahali pa kushika. Sasa mshushe dereva huyo kutoka Sachangwan hadi Salgaa, usiku, mvua inanyesha, lori limemfuata nyuma. Sote hapa tunajua mteremko ule umechukua watu wangapi wetu. Kila mara gari linaporuka kwenye tuta, kilo 300 zile za mkiani hushuka kwa kishindo na kuvuta ukingo wa juu wa chasisi mahali pale pale.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbona hakuna aliyewahi kumwambia. Kusema kweli, swali lake ndilo lililonifanya niandike haya.

Kisa kingine kilichonifungua macho kililetwa na kijana wa Kisumu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyekuwa amenunua D-Max ya dabo kabini iliyotoka Uingereza. Rangi ilikuwa nzuri, viti safi, kilomita chache. Tatizo lake lilikuwa mlio wa tok tok upande wa mbele kila akikata kona akiingia barabara mbovu. Nilipoingia shimoni nikakuta matundu kwenye chaneli za mbele, nyuma tu ya bampa, yametobolewa kwa drili na yanalingana pande zote mbili. Kiwandani hawatoboi hivyo. Kingo zilikuwa na vinyuzi vya chuma ambavyo hakuna aliyevisafisha. Kuzunguka matundu kulikuwa na alama ya mstatili ya bamba nene lililobanwa hapo muda mrefu, na nyuma ya grili nyaya nene zilizokatwa na kufungwa kwa utepe. Kutoka tundu moja la juu ufa ulikuwa umepanda hadi kwenye ukingo.

"Bosi," nikamwambia, "naona gari hili lilikuwa linasukuma theluji."

Akadhani natania. Lakini huko kwenye baridi ni kazi ya kawaida. Marekani na Kanada, msimu wa baridi ukianza, mwenye pikapu kubwa kama Ford F-250 au Chevrolet Silverado 2500 hufunga mbele plau, bamba pana la kusukumia theluji, za kampuni kama Western, Fisher au Meyer, akasafishe maegesho ya maduka na barabara za mitaa usiku kucha. Uingereza pia wapo wakulima na makandarasi wanaofunga plau ndogo kwenye pikapu kama zetu. Plau ya pikapu kubwa, pamoja na mikono na pampu yake, inaweza kuwa na uzito wa kilo 300 hadi 400, na yote iko mbele ya ekseli ya mbele. Ni viazi vya yule mzee, ila vimehamishiwa upande wa pili wa gari. Chukua plau ya kilo 350 iliyo mita 1.2 mbele ya ekseli, kwenye gari la mita 3.6 kati ya ekseli: ekseli ya mbele inaongezewa kama kilo 467, na ya nyuma inanyanyuliwa 117. Ndiyo maana madereva wale huweka magunia ya mchanga nyuma kabisa ya bodi, ili mkia urudi chini na magurudumu ya nyuma yashike.

Mtu asiyeijua kazi hiyo angedhani chasisi huumia wakati plau inasukuma. Huumia, ndiyo, hasa ikigonga ukingo wa barabara au kifuniko cha shimo la maji taka kilichofichwa na theluji. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo huweka springi zinazoruhusu bamba kuinama linapogonga. Lakini adhabu ya kila siku ni pale plau imeinuliwa na dereva anakimbia kutoka eneo moja kwenda jingine. Uzito wote unaning'inia hewani na kuruka kwa kila shimo, na barabara za nchi za baridi zina mashimo mengi, maji yakiganda ndani ya lami huipasua. Nyufa hutokea pale plau iliposhikiziwa, kwenye matundu yaliyotobolewa, na kwenye magari mengine pale boksi ya usukani inapofungwa kwenye chasisi. Kampuni za magari kule huuza pikapu zilizoandaliwa mahsusi kwa plau, zenye springi ngumu zaidi mbele na mara nyingi oltaneta (mtambo wa kuzalisha umeme wa gari) kubwa, na hutaja ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba nini. D-Max ya kijana huyu haikuonyesha dalili ya kuandaliwa. Mtu alitoboa, akafunga, akafanya kazi, halafu akavua kila kitu na gari likauzwa.

Tukienda ndani zaidi tukakuta chumvi. Barabara za Uingereza hunyunyiziwa chumvi ya mawe ili barafu isigande, nyingi ikichimbwa chini ya ardhi huko Winsford, Cheshire. Maji yale ya chumvi hurushwa na magurudumu, huingia ndani ya chasisi iliyofungwa pande zote kama boksi, na hukaa humo. Nje unaona rangi. Ndani chuma kinaliwa. Nilipita na nyundo ndogo nikigonga taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa mlio uliokufa, na chini ya kiti cha nyuma mlio ulikufa. Nikatia bisibisi kwenye tundu la kutolea maji, magamba ya kutu yakamwagika kiganjani, makubwa na mepesi.

Hili si tatizo la watu wachache. Mwaka 2016 Toyota ilikubali makubaliano ya takriban dola bilioni 3.4 katika kesi ya Marekani kuhusu kutu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari yapatayo milioni 1.5. Jina kubwa kwenye boneti halizuii kutu. Anayeagiza gari kutoka nchi ya theluji, ikiwemo Japani ya kaskazini, ahakikishe ameletewa picha za chini kabla ya kutuma pesa. Picha za dashibodi zinapendeza, lakini dashibodi haibebi kitu.

Nisije nikaonekana nawasema wageni, sisi nasi tuna chumvi yetu. Ni mbolea. CAN na DAP huvuta unyevu kutoka hewani. Gunia likitoboka, chembe hupenya kwenye matundu ya bodi, zikatua juu ya chasisi na kuchanganyika na ule udongo mwororo wa Mau. Nimekuwa nikivua bodi za pikapu katikati ya kiangazi na kukuta tope la aina hiyo bado bichi, na chini yake chuma kimevimba na kubanduka tabaka kwa tabaka. Wanaobeba samaki kutoka Dunga wana maji ya barafu yanayodondoka safari nzima, nao mambo yao ni hayo hayo. Dawa yake ni bomba la maji, lielekezwe juu ya chasisi kupitia nafasi iliyo kati ya kabini na bodi, siku ile ile mbolea iliposhushwa. Kuosha ubavu wa gari mpaka ung'ae kunamfurahisha jirani tu.

Jambo linalonigombanisha na watu wengi ni springi. Gari likianza kukaa chini, mwenyewe hukimbilia kuongeza majani ya springi. Linanyanyuka, linapendeza, na anaamini limepata nguvu. Springi iliyoongezwa haijaongeza hata unene wa karatasi kwenye chasisi. Ilichofanya ni kuzuia kile kitu kilichokuwa kikipokea kishindo kisikipokee tena, na sasa kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye henga, na kutoka henga kwenye chaneli. Gari linalokaa chini linakwambia limezidiwa. Ukilinyamazisha kwa springi litaendelea kuzidiwa, na safari hii litasemea kwenye ufa.

Kuhusu kuchomelea nitasema kwa urefu, maana hapa ndipo watu wanapouawa. Fundi anayetengeneza mageti mazuri si lazima ajue chasisi. Geti halikunjwi na barabara. Nimepokea magari mengi yaliyochomelewa juu ya ufa tu, mstari mnene wa welding umelala juu ya rangi na kutu, na ufa mpya umefunguka pembeni yake. Sababu ni kwamba moto hubadilisha chuma kilicho kando ya mstari, na mwisho wa mstari wenyewe huwa mahali pengine pa nguvu kukusanyika.

Kwanza betri itolewe nyaya, la sivyo umeme wa welding unaweza kuua kompyuta ya gari, na kamba ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya welding, ibanwe karibu na kazi. Mwisho halisi wa ufa utafutwe, ambao karibu kila mara uko mbele ya pale macho yanapouona, patobolewe tundu safi la mviringo ili ufa usiwe na ncha ya kuendelea nayo. Kisha ufa ufunguliwe kwa grainda mpaka chuma cheupe, welding iingie mpaka chini. Mimi hutumia elektrodi (kijiti cha kuchomelea) ya namba 7018 iliyohifadhiwa mahali pakavu. 6013 naiachia madirisha. Bamba la kuimarisha likihitajika, ncha zake zichongwe kwa mshazari, zisikatwe wima, ili nguvu isigote kwenye mstari mmoja unaokata chaneli. Na kingo za juu na za chini za chaneli zisitobolewe wala kuchomelewa kwa kukatizwa, maana ndizo zinazobeba mkunjo wote. Watengenezaji wengine wanakataza kabisa kuchomelea chasisi zao, kwa kuwa chuma chake ni cha nguvu nyingi kinachodhoofishwa na moto. Hapo tunafunga bamba kwa bolti au tunabadilisha kipande kizima.

Kuna kazi ninazozikataa. Ufa uliopita ubavu wote wa chaneli hadi ukingo wa pili, ufa kwenye mahali pa usukani, na chasisi ya boksi iliyooza kwa ndani. Mzee mwingine aliwahi kuniambia, "Kijana wangu, sema bei yoyote, choma tu nifike soko la Wakulima na huu mzigo." Nikamjibu kwa heshima kwamba bei haikuwa shida, juu ya magunia yale walikuwa wamekaa vijana wanne. Alikasirika akaondoka, na sikumrudisha kwa bei.

Ya yule kijana wa Kisumu tulishauriana kwa muda. Ufa wa mbele ungetengenezeka, kwa bamba la bolti na matundu yaliyosafishwa. Lakini palipooza chini ya kiti cha nyuma nilimwambia wazi sitapagusa, kwa kuwa welding haishiki kwenye magamba. Aliyemuuzia sitamtaja, ila baada ya kuletewa picha na video ya nyundo alikubali kurudisha sehemu nzuri ya pesa. Kijana akatafuta chasisi nzima ya gari lililoumia kabini tu, chasisi yenyewe haijapinda, tukaipima mshazari kwa mshazari, tukahamishia kabini na injini.

Kwa wengine wote, hasa mnaoanza kubeba mbolea sasa, chukueni kamba ya kupimia gari likiwa tupu na limesimama mahali tambarare. Pimeni nafasi iliyo kati ya kabini na bodi, juu na chini, pande zote mbili, mwandike namba hizo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa dereva. Viazi vikiisha shambani, pimeni tena gari likiwa tupu. Nafasi ya juu ikiwa imepanuka kuliko ya chini, chasisi imeinama mkiani na huenda tayari ina ufa. Lileteni kabla ya kulipakia tena, na magunia ya kwanza yaegemee kabini.